Nani Atanisaidia Kulea?

Ewe mzazi uliyefanya baiati karibuni, huenda wazee wako wamekukasirikia, na mtoto akilia usiku huna wa kumwuliza. Jambo hili ni zito. Basi mama na awaendee bila haya wakubwa zake wa Lajna Imaillah, jumuiya ya wanawake iliyoanzishwa mwaka 1922. Baba na awaulize wazee wa msikitini.

Fimbo iache. Seyidna Ahmad a.s. alifundisha kuwa kumpiga mtoto kwa hasira ni namna ya shirki, kana kwamba mpigaji ndiye mwenye kuongoza; afadhali aombe kwa uchungu. Dua imo katika Sura Al-Furqan, aya 75. Mtoto akikupanda mgongoni ukisujudu, kumbuka Mtume s.a.w. alirefusha sijda kwa ajili ya mjukuu wake.

Na wazee wako je? Wapelekee wajukuu wao.