Usiuze Mahindi Ununue Ampu ya Valvu

Leo namjibu mpiga solo wa Mollo. Mahindi yako ghalani, harusi zinakuja, na marafiki wa Sumbawanga mjini wamemjaza maneno kwamba gitaa bila ampu ya valvu si gitaa. Anauliza: anunue hiyo, au kile kisanduku cha dijitali kinachoiga ampu na pedali zote?

Kisanduku, mdogo wangu. Wewe unapiga sebene na nyimbo za kwaya, solo safi isiyokwaruza. Utamu wa valvu huja inapozidiwa ikaanza kukoroma, na ikifika hapo mama mzazi wa bibi harusi ameshaziba masikio. Kwa sauti safi hata transista zinatosha. Roland JC-120, ampu iliyotoka mwaka 1975 na kusifiwa kwa usafi wake, haina valvu hata moja.

Halafu kuna umeme, na sisi wa Rukwa tulioishi miaka mingi kwa umeme wa Zambia hatuhitaji kusimuliwa. Ukishuka, sauti ya valvu inakonda. Kisanduku nacho si malaika: umeme ukikatika kidogo tu kinajizima, na kikianza kuwaka upya sebene limeshakuacha. Lakini vile vidogo vingi vinatumia volti 9, kwa hiyo pawabenki yenye waya wa kupandisha volti inakuokoa.

Kosa ninalolisikia kila ukumbini ni hili. Spika ya ampu ya gitaa hukata sauti kali za juu, kwa hiyo kisanduku kina sehemu ya kuiga spika hiyo. Ukichomeka kwenye mikseri, iwashe, la sivyo gitaa litalia kama nyuki ndani ya debe. Ukichomeka kwenye ampu ya gitaa, izime, maana spika ya kweli ipo tayari. Ukiziacha zote mbili sauti inafunikwa blanketi. Na ukipitia mikseri, mwombe fundi mitambo akugeuzie spika moja, kwa sababu nyuma yako hakuna ampu ya kukusikilizisha.

Studio, mambo ni mepesi zaidi. Enzi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, bendi ilipiga pamoja mbele ya tepu ya Radio Tanzania. Aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Wewe rekodi njia mbili, moja ikiwa na madoido, nyingine gitaa tupu. Usipoipenda sauti kesho, unabadilisha ampu bila kupiga upya. Ukiona kompyuta inachelewa kukurudishia noti, punguza bafa ya programu ya kurekodi hadi sampuli 128.

Pedali yako ya analogi ya zamani usiiuze, itangulize mbele ya kisanduku. Na ukienda kununua cha mtumba, beba gitaa na hedifoni, bonyeza kila kitufe, kisha dai adapta yake halisi: nyingi za gitaa zina hasi katikati, na ile ya kinanda cha kanisani inaweza kukiunguza.