Joseph Smith na Chanzo cha Wamormoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi huwaita Wamormoni, hupita wawili wawili katika mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam, na Kitabu cha Mormoni kipo kwa Kiswahili. Anayewafungulia mlango anastahili kujua habari za mwanzilishi wao, yale wanayoyasadiki waumini na yale yaliyomo katika kumbukumbu.

Joseph Smith alikuwa nani?

Alizaliwa tarehe 23 Desemba 1805 huko Sharon, jimbo la Vermont, Marekani, katika familia ya wakulima iliyoandamwa na madeni. Baada ya baridi kuua mazao katikati ya kiangazi cha 1816, walihamia Palmyra, jimbo la New York, ambako wahubiri wa Kimethodisti, Kibaptisti na Kipresbiteri walikuwa wakigombania waumini. Joseph alisimulia kwamba mwaka 1820, akiwa na miaka 14, aliingia msituni kuomba ajue kanisa la kweli ni lipi, akatokewa na Mungu Baba na Yesu Kristo. Aliacha masimulizi kadhaa ya tukio hilo, la mwanzo likiwa la 1832, nayo hayalingani katika kila jambo.

Kitabu cha Mormoni kilipatikanaje?

Alisema malaika Moroni alimwonyesha mabamba ya dhahabu yaliyofukiwa kilimani, na mwaka 1827 akakabidhiwa. Mara nyingi, alipokuwa akitafsiri maandishi ya mabamba hayo, aliweka jiwe ndani ya kofia, akainamisha uso humo, akatamka maneno huku karani akiandika. Jambo hili huwashtua wengi, lakini kanisa lenyewe linalikiri, na mwaka 2015 lilichapisha picha ya jiwe hilo. Alikuwa na mazoea ya kutumia mawe ya namna hiyo kutafutia watu hazina zilizozikwa, na mwaka 1826 alifikishwa mbele ya hakimu kwa shughuli hizo. Mkulima Martin Harris aliweka shamba lake rehani ili nakala 5,000 zichapishwe. Kitabu kilitoka Machi 1830, na kanisa likaundwa tarehe 6 Aprili.

Mabamba yako wapi leo?

Joseph alisema aliyarudisha kwa malaika. Watu 11 walitoa ushuhuda wa maandishi kwamba waliyaona. Mwanahistoria hana cha kuchunguza zaidi ya hapo.

Ni kweli alikuwa na wake wengi?

Ni kweli. Mwaka 2014 kanisa lilikubali kwamba huenda alifunga ndoa na wanawake kati ya 30 na 40. Baadhi yao walikuwa tayari na waume, na mmoja alikuwa hajatimiza miaka 15. Hadharani alikana, na mkewe wa kwanza, Emma, aliumia sana. Kanisa lilitangaza kuacha ndoa za wake wengi mwaka 1890.

Kwa nini aliuawa?

Mwaka 1838 gavana wa Missouri, jimbo walikohamia waumini wengi, aliamuru Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe jimboni. Walikimbilia Illinois, wakajenga mji wa Nauvoo, na Joseph akawa nabii, meya na mkuu wa wanamgambo kwa pamoja. Juni 1844 waliojitenga naye walichapisha gazeti lililofichua ndoa zake. Yeye na baraza la mji wakaamuru mtambo wa kuchapia uvunjwe. Hayo yalikuwa matumizi mabaya ya madaraka. Lakini lililofuata lilikuwa baya zaidi: akiwa mahabusu huko Carthage, baada ya gavana kuahidi kumlinda, kundi la watu wenye silaha lilivamia jela tarehe 27 Juni, likamuua pamoja na kaka yake Hyrum. Alikuwa na miaka 38. Washtakiwa watano waliachiwa huru.

Nini kilifuata?

Wengi walimfuata kiongozi mpya, Brigham Young, hadi bonde la Salt Lake mwaka 1847. Emma na wanawe walibaki.

Na Waafrika?

Elijah Abel, mtu mweusi, alipewa ukuhani wakati Joseph yu hai. Mwaka 1852 Brigham Young alitangaza kwamba wenye asili ya Afrika hawawezi kuupokea, na katazo hilo lilidumu hadi Juni 1978. Ukiwakaribisha wamisionari, waulize hili na mengineyo waziwazi. Sehemu kubwa ya majibu kanisa lao limekwisha kuyachapisha lenyewe.