SOMO KWA WANANCHI: MATAYARISHO YA UWANJA NA BUSTANI YA NYUMBANI KABLA YA KIANGAZI

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wa Bujora, Wilaya ya Magu, pamoja na wakazi wa vijiji vya jirani vya mwambao wa Ziwa Victoria, wanakumbushwa kwamba mvua za masika hukoma aghalabu mwishoni mwa Mei, na kuanzia Juni hadi Septemba ardhi hukauka. Bustani zetu hazifunikwi na theluji kama za Ulaya, na baridi ya kipupwe ni ya usiku tu. Hata hivyo miezi hiyo minne huipima kaya, na kaya isiyojiandaa hulitambua kosa lake mvua za vuli zinapoanza mwezi Oktoba.

Kosa lililo kubwa ni kukosa marando ya viazi vitamu. Viazi vyote huliwa, mbuzi humaliza majani, na mvua ikinyesha mwenye kaya huanza kuzunguka kwa majirani akiomba mbegu. Mwandishi wa somo hili, mzaliwa wa pwani aliyehamishiwa Kanda ya Ziwa akiwa kijana, yalimkuta hayo. Aliona fahari kung'oa na kufagia kila kitu uani hadi pakang'aa. Mvua ya kwanza ikachukua udongo wa juu, na marando akayapata Desemba, tena kwa kununua, ilhali jirani zake walikwisha kupalilia.

Kwa hiyo viazi vivunwe mapema. Udongo ukikauka hufanya nyufa, na fukusi hupenya humo hadi kwenye kiazi. Vilivyo vizuri vikatwe vipande na kuanikwa vibichi viwe michembe, au vichemshwe kwanza, vikatwe na kuanikwa viwe matobolwa, kama wafanyavyo Wasukuma tangu zamani. Lakini kabla ya kuanika, vitengwe viazi vidogo na vya wastani, vizima, visivyo na tundu hata moja. Vipangwe katika beseni au chungu, tabaka kwa tabaka, ndani ya mchanga mkavu uliopoa, bila kimoja kugusa kingine, kisha viwekwe ndani ya nyumba mahali pakavu penye ubaridi. Kila mwezi vikaguliwe, na kilichooza kitolewe. Viazi hivyo vitachipua vyenyewe. Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua, yaani katikati ya Agosti, vipandwe katika bustani ndogo iliyozungushiwa uzio na kumwagiliwa. Oktoba ikifika, marando yatakuwa tayari kukatwa.

Bustani hiyo, pamoja na mchicha na mboga nyinginezo, haifai kuinuliwa juu kama wakati wa masika. Wakati wa kiangazi tuta lishushwe chini kidogo ya usawa wa ardhi ili maji yasikimbie, hasa penye udongo wa kichanga uitwao luseni. Juu yake yatandazwe majani makavu, ila penye mchwa yakaguliwe mara kwa mara. Maji ya kuoshea vyombo yanafaa, mradi yasiwe na sabuni nyingi wala yasimwagwe juu ya majani ya mboga.

Majani yaliyofagiwa uani yasichomwe. Katika kisiwa cha Ukara ng'ombe hulishwa wakiwa wamefungwa, na samadi yao hukusanywa na kupelekwa shambani. Ndiyo maana ardhi ile imeweza kulisha watu wengi kwa miaka mingi. Sisi wenye eneo kubwa zaidi tunatia moto mali ileile, na moto huo huo, upepo wa Agosti ukivuma, huunguza paa la jirani au ngitili iliyohifadhiwa kwa malisho ya ng'ombe. Shimo la mboji chini ya mti latosha. Nyasi zilizo karibu na nyumba zifyekwe, wala si uwanja wote kuachwa mtupu.

Uzio wa minyaa upunguzwe sasa, na matawi yapandikizwe penye mapengo. Utomvu wake ni hatari kwa macho: watoto wasiachiwe kazi hiyo, na aliyerukiwa aoshe jicho kwa maji mengi safi na kwenda zahanati bila kukawia.

Mwenye kuhitaji kuonyeshwa namna ya kupanga viazi mchangani amwone Bwana Shamba wa kata yake kabla viazi vyote havijaanikwa.