Kisu Kitie Mpini Wewe Mwenyewe

Wadogo zangu, tangu niguse hapa habari ya visu vya jikoni kwangu nilivyovitia mipini mwenyewe, maswali hayaishi. Karibu yote yanaanza na mbao: dada, mpingo au mninga? Subirini kwanza. Mpini haujengwi na rangi ya mti, unajengwa pale mti unapokutana na chuma. Pakibaki upenyo mwembamba kama unywele, maji ya kuoshea yatapenya humo, na kutu itaula msuka polepole bila wewe kuuona. Msuka ni ile sehemu ya bapa inayoingia kwenye mpini.

Kwa hiyo ukinunua bapa tupu, tazama msuka kabla ya makali. Ukiwa mpana na una matundu, utabanwa na vipande viwili vya mbao, kimoja kila upande. Anza na huo. Msuka mwembamba unataka tundu refu lililonyooka katikati ya mti, na keekee ikikengeuka kidogo tu, kipande kimekwenda. Wako wanaoupasha moto ukawa mwekundu kisha wakauchomeka kwenye mti. Kwa jembe sina neno. Kwa kisu kidogo, hapana: joto hupanda hadi kwenye bapa, na chuma kikishageuka buluu, ugumu wake umepungua na makali hayatadumu.

Kisha funga makali kwa karatasi ngumu na utepe wa gundi. Usiniambie utakuwa mwangalifu. Funga.

Haya, mbao. Mpingo ni mzito hata huzama majini, na ukiwa Dar es Salaam waulize wachonga vinyago wa Mwenge kama wana vipande vilivyobaki. Ila una mafuta ya asili, na gundi haishiki vizuri juu yake usipoufuta kwanza kwa asetoni. Asetoni tupu, si ile ya kutolea rangi ya kucha iliyotiwa manukato. Mninga ni laini zaidi kwa tupa na mkono mgeni, mimi ningekupa huo. Mti wowote uwe mkavu kabisa. Mbichi utasinyaa, na chuma kitabaki kimechomoza pembeni kikikukwaruza kiganja. Vumbi la miti hii linawasha pua na kifua, basi vaa barakoa na ufanyie kazi nje.

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Tandika msasa juu ya kioo, sugua upande wa ndani wa kila kipande, ukibandike kwenye msuka na kukiinua kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita, rudi kwenye msasa. Ncha za mbele, zile zinazotazama makali, zichonge na uzing'arishe kabla ya gundi, maana baadaye huzifikii bila kuchubua bapa. Msuka wenyewe ukwaruze kwa msasa mkali ili gundi ipate pa kushika. Tumia epoksi, ile ya mirija miwili, pamoja na pini za shaba. Ukibana kwa klampu usikaze kwa hasira, gundi yote itakimbia nje na viungo vibaki vikavu. Iliyochuruzika mbele ifute ingali mbichi. Kisha acha mpaka kesho yake, hata kama kidole kinakuambia imekauka.

Kuchonga umbo sina la kukufundisha sana: tupa, halafu msasa namba 80, 120, 240. Fumba macho ukishike kama unayeparua samaki. Panapokuuma, punguza. Usikimbilie kung'arisha kama kioo, mkono wenye mafuta utateleza. Ukitumia mashine ya kusugua, pumzika mara kwa mara; pini zikipata moto gundi hulegea. Malizia na mafuta ya kitani, na tambara ulilopakia litandaze nje likauke. Ukilikunja na kulitupa pembeni linaweza kujiwasha lenyewe, sikutishi.

Na wewe uliyeuliza kuhusu pembe: ya ng'ombe inafaa sana, ya ndovu itakufikisha mahakamani. Ila pembe ya ng'ombe ikitobolewa hunuka kama nywele zinazoungua, kwa hiyo usifanyie sebuleni kwa mama mkwe.