WAGENI WAKIJA, NANI HUKOSA KIBARUA?

Somo kutoka Mkoa wa Kagera

Bila shaka umewahi kusikia ubishi huu kilabuni au gulioni. Mmoja anasema, "Wageni wametumalizia kazi." Mwingine anajibu, "Wacha wee! Wageni ndio waliotuletea hela." Wanabishana mpaka jua linatua, na hakuna anayeshinda. Leo tuutazame ubishi huo kwa mambo yaliyotokea kweli mkoani Kagera, hasa katika wilaya za Ngara na Karagwe.

Mwezi wa Oktoba 1993 Rais wa Burundi, Melchior Ndadaye, aliuawa. Mapigano yakazuka na watu wengi wakakimbilia Tanzania. Mwezi wa Aprili 1994 mauaji ya kimbari yakaanza Rwanda, na vita ikapamba moto. Mwisho wa mwezi huo watu zaidi ya 150,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja au mbili tu. Makambi yakafunguliwa, Benaco na mengineyo. Haikupita muda mrefu, wakimbizi wa Ngara wakawa wengi kuliko wenyeji wenyewe.

Mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka si kitu kipya huko. Tangu zamani za ukoloni watu wa Rwanda na Burundi walikuja kufanya kibarua katika mashamba ya kahawa ya Wahaya. Lakini hao walikuja wachache wachache. Safari hii walikuja kama mafuriko.

Mkimbizi alipewa posho kambini: mahindi, maharage, mafuta ya kula. Posho ilimpa uhai, lakini haikumpa sabuni, wala kitenge, wala ndizi. Basi akatoka kwenda vijijini kutafuta kazi ya kulima, kupalilia, kuvuna, kujenga nyumba au kuchunga ng'ombe. Lugha haikumshinda, maana Kihangaza cha Ngara na Kirundi ni ndugu. Na kwa kuwa unga alikuwa nao kambini, aliweza kukubali ujira mdogo. (Ujira ni malipo ya kazi.)

Chukua kalamu tufanye hesabu. Hii ni ya mfano tu. Kijiji kina vibarua 10, na kupalilia siku nzima ni shilingi 500. Wanakuja vibarua wengine 30. Mwenye shamba anasema, "Nitatoa 250. Hutaki, nenda, wengine wako pale wanangoja." Mgeni anakubali. Mwenyeji je? Yeye hana posho ya kambi. Akikubali 250, watoto wanalala nusu njaa. Akikataa, jembe linalala ndani. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda. Ujira wa kibarua ulishuka, na mahali pengine ulishuka hadi nusu.

Tusimlaumu mkimbizi kwa hilo. Mtu aliyevuka mto na mtoto mgongoni hachagui bei.

Sasa mgeukie mwenye shamba. Ujira ule ule uliomwumiza kibarua, kwake ulikuwa neema. Aliyekuwa akilima ekari mbili kwa nguvu za nyumbani aliweza kulima nne. Wakulima wengi waliongeza mashamba, wengine maradufu, yaani mara mbili. Na soko lilikuwa pale pale kambini. Vyakula ambavyo havikuwemo katika posho, kama ndizi za kupika na maziwa, vilipanda bei sana. Aliyekuwa na mgomba na ng'ombe alicheka. Lakini kibarua asiye na migomba alipigwa mara mbili: malipo yake yameshuka, na ndizi anazonunua zimepanda!

Wako wenyeji wengine waliopata kazi mpya kabisa. Mashirika ya misaada yalihitaji madereva, walinzi, makarani, wauguzi, mafundi. Yalilipa vizuri kuliko Serikali, hata walimu na wauguzi wengine wakaacha vituo vyao wakaenda kambini. Hiyo ilikuwa faida kwa mwalimu, lakini watoto wa kijijini walibaki na darasa lisilo na mwalimu. Barabara nazo zilitengenezwa ili malori ya chakula yapite, na zilibaki baada ya wageni kuondoka.

Mwezi wa Desemba 1996 Serikali iliwarudisha kwao Wanyarwanda walio wengi. Warundi wengi walibaki miaka mingi zaidi.

Je, tunajuaje nani alipata na nani alikosa? Kwa bahati njema, kuanzia 1991 mpaka 1994 watafiti walikuwa wamezihoji kaya zaidi ya 900 za Kagera kuhusu kazi, chakula na mali zao. Mwaka 2004 waliwatafuta watu wale wale wakawahoji tena. Hivyo wakaweza kulinganisha waliokaa karibu na makambi na waliokaa mbali. Ilionekana kuwa wenyeji wa karibu waliacha zaidi kazi ya kuajiriwa, wakarudi kwenye mashamba na mifugo ya nyumbani kwao. Walioshindana zaidi na wageni ni vibarua wa shamba.

Akina mama walikuwa na mzigo wao. Miti ya karibu na makambi ilikatwa, na kuni zikawa mbali. Visima vikawa na foleni. Nani hutafuta kuni na maji? Unajua mwenyewe. Kwa hiyo wanawake wengi, kuliko wanaume, waliacha kazi za nje wakazidishiwa za nyumbani. Lakini watafiti waliona jambo jingine hapo. Wanawake waliojua kusoma na kufanya hesabu ndogo za kuandika, tangu kabla wakimbizi hawajaja, walipata kazi za nje zaidi kuliko awali. Wasiojua kusoma ndio waliorudi kwenye jembe na kuni. Wanawake hao walikaa karibu na makambi yale yale, na walipata wageni wale wale.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

Katika kijiji chenu, nani huuza nguvu zake na nani hununua nguvu za wengine? Wakija vibarua 30 kesho, kila mmoja wao atasema nini?

Mwenye shamba alilipa 250 badala ya 500. Kama alikuwa na vibarua 8 kwa siku 6, alibakiza shilingi ngapi? Vibarua wenyeji wangefanya nini pamoja ili wasishushwe bei, na wageni wasifukuzwe?