Spishi Mbili Kwenye Beseni Moja: Namna ya Kuwaona Furu Wakigawanyika

Fika mwaloni Mwanza alfajiri, uliza wale samaki wadogo waliobaki chini ya mtumbwi baada ya sangara na sato kupakuliwa wanaitwaje. Utajibiwa kwa neno moja: furu. Upande wa Kenya Waluo watasema fulu, na Waganda nkejje. Jina hilo moja limebeba takriban spishi 500 za Ziwa Viktoria, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani.

Nimesikitika miaka mingi kuona mwanafunzi wa Kanda ya Ziwa akikariri ndege wa visiwa vya Galápagos ili ajibu swali la kutokea kwa spishi mpya, ilhali jambo hilohilo linaendelea kilomita chache kutoka dawati lake. Mwongozo huu ni wa mwalimu, mwanafunzi au mvuvi anayetaka kulishuhudia mwenyewe. Utahitaji siku mbili za kazi.

Kabla ya kutoka nyumbani

Tafuta beseni jeupe, kwa sababu rangi ya samaki hupotea kwenye beseni la bluu au jekundu. Ongeza ndoo mbili, ndoano ndogo kuliko zote dukani, nyungunyungu wa chambo, sahani nyeupe ya bati, jiwe la kuizamisha, na kamba ya mita tano yenye fundo kila sentimita 25. Chukua daftari na penseli. Usichukue kalamu, maana wino ukilowa kazi ya siku nzima inaondoka nao.

Pitia kwa viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo huo, uwaeleze unachotafuta. Kisha panga kufanya kazi yote ukiwa juu ya mawe au ndani ya mtumbwi, jaketi okozi ukiwa umelivaa. Usiingie majini kwa miguu, kichocho kipo.

Hatua ya 1: Andika swali lako

Ukurasa wa kwanza wa daftari uandike swali hili: hawa wawili, wakiachwa wenyewe ziwani, huzaana?

Ndilo swali aliloliweka mbele mwanabiolojia Ernst Mayr mwaka 1942. Kwake spishi ni kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao na waliotengana kiuzazi na makundi mengine. Sura pekee haitoshi. Kuku wa kienyeji wana rangi za kila namna na bado ni spishi moja.

Utengano huo una milango mingi. Upo unaokuja baada ya kujamiiana: punda ana kromosomu 62, farasi 64, na nyumbu wanayemzaa anabaki na 63, idadi isiyogawanyika sawasawa, hivyo ni nadra mno kwake kupata mtoto. Upo unaotokana na mahali. Ziwa Nabugabo nchini Uganda lilikatwa na ukingo wa mchanga kutoka Ziwa Viktoria miaka elfu kadhaa iliyopita, na humo wanaishi furu wasiopatikana katika ziwa kubwa. Halafu upo utengano mwembamba kuliko yote, ambao hauna ukuta wala ugumba. Huo ndio tunaoufuata.

Hatua ya 2: Vua penye mawe

Tafuta kisiwa cha mawe chenye maji maangavu. Watafiti wamefanya kazi nyingi kwenye kisiwa cha Makobe, nje ya Ghuba ya Mwanza. Tupa ndoano kwanza karibu kabisa na mawe, kina cha mita moja au mbili. Samaki utakaowapata waweke ndoo ya kwanza. Kisha shusha ndoano mita nne au tano, na watakaotoka huko waweke ndoo ya pili. Usichanganye ndoo hizi, maana kina ulichomvulia samaki ni nusu ya jibu.

Sasa hamishia dume mmojammoja kwenye beseni jeupe, umpige picha upesi kabla hajafifia kwa hofu. Dume utamjua kwa rangi kali na kwa vidoa vya manjano au rangi ya chungwa kwenye pezi lililo chini karibu na mkia. Vitazame vizuri. Vimefanana na mayai. Jike wa furu akitaga huyaokota mayai yake na kuyaweka mdomoni, kisha hudonoa vile vidoa vya dume, na hapohapo hupokea mbegu ya kurutubisha mayai aliyokwisha kuyabeba. Baada ya hapo hulea mdomoni kwa wiki kadhaa.

Ukibahatika, ndoo ya kwanza itakuwa na dume wa kijivu cha bluu mwenye mistari myeusi iliyosimama ubavuni. Huyo ni Pundamilia pundamilia, na jina lake la kisayansi ni Kiswahili chetu. Ndoo ya pili itakuwa na dume mwenye mistari kama hiyo, ila mgongo ni mwekundu na ubavu wa manjano. Huyo ni Pundamilia nyererei, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1985 na kupewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Majike wao wana rangi za kufifia, na waweke upande mmoja ukakiri hujui yupi ni wa nani. Hata mtaalamu huwa anasita.

Hatua ya 3: Pima mwanga

Funga sahani kwenye kamba, jiwe chini yake, uishushe taratibu kwenye upande wa mtumbwi wenye kivuli. Ikipotea machoni, hesabu mafundo. Ivute polepole mpaka ionekane tena, uhesabu upya. Wastani wa vipimo hivyo viwili ndio uangavu wa maji. Padri wa Kiitaliano Angelo Secchi alipima hivi mwaka 1865, na maabara za maziwa bado zinatumia mbinu yake. Kwenye maji ya Makobe sahani huweza kushuka zaidi ya mita mbili kabla ya kupotea.

Ukishamaliza, funga kwenye kamba ile vifuniko viwili vya chupa, chekundu na cha bluu, uvishushe pamoja. Tazama kipi kinageuka cheusi kwanza. Katika maji yenye chembechembe za udongo na mabaki ya mimea, mwanga wa bluu humezwa mapema na ule wa kuelekea wekundu hufika chini zaidi. Kwa hiyo furu wa juu na furu wa chini, ingawa wametenganishwa na mita chache tu, wanaishi kama kwenye nyumba mbili zenye taa za rangi tofauti.

Hatua ya 4: Fuata jicho la jike

Hapa usiharakishe, kwa maana ndipo wengi wanapopotea. Wanafunzi huniandikia, “Samaki wa chini alibadilika rangi ili aonekane.” Ifute sentensi hiyo. Samaki hajitakii jicho jipya wala pezi jipya. Kinachotokea ni kwamba katika kila kizazi watoto hutofautiana kidogo kwa kurithi. Huko chini, wale ambao jeni zao ziliwapa macho mepesi kuuona wekundu waliona chakula vizuri zaidi, wakaishi, wakazaa. Jike mwenye macho hayo, madume wawili wakimchezea mbele yake, anayemvutia ni yule mwekundu. Kule juu mambo yakaenda kinyume, jicho likielemea bluu na uchaguzi nao ukielemea bluu. Kizazi baada ya kizazi, wekundu wakazaana na wekundu, wa bluu na wa bluu, mpaka jeni zikakaribia kuacha kuchanganyika. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walichapisha ushahidi wa mlolongo huu mwaka 2008, wakilinganisha kina, jeni ya macho na rangi za madume kutoka visiwa mbalimbali vya eneo la Mwanza.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la mwaka 1998, la Seehausen na Jacques van Alphen. Waliwaweka majike kwenye matangi pamoja na madume wa aina zote mbili. Chini ya mwanga mweupe, kila jike alimfuata dume wa kwao. Wakabadili taa, wakaweka mwanga wa rangi ya chungwa unaoficha tofauti ya wekundu na bluu. Majike wakaacha kubagua. Na watoto wa mchanganyiko wakizaliwa maabara, hawawi wagumba kama nyumbu. Wanakua na kuzaa kama kawaida.

Mstari kati ya spishi hizi mbili, basi, unashikiliwa zaidi na uwezo wa jike kuona rangi.

Hatua ya 5: Angalia koo

Hii ifanye jikoni. Chemsha furu kadhaa waliokufa, wa aina mbalimbali, utakaowanunua mwaloni, kisha fungua shavu na utoe kifupa chenye umbo la pembetatu kilicho kooni. Ni taya la pili. Kwa wanaokula konokono utakuta meno butu mapana kama changarawe, kwa wanaokula vijidudu vya majini, meno membamba kama nywele. Taya la mbele hukamata na la nyuma husaga, kwa hiyo ukoo mmoja umeweza kujigawia vyakula vingi kwa haraka. Chora unachokiona.

Hatua ya 6: Rudia yote kwenye maji machafu

Siku ya pili nenda ndani ya ghuba, upande wa kusini, kunakopokea udongo wa mashamba na taka za makazi. Karibu na kisiwa cha Luanso watafiti walikuta uangavu wa takriban nusu mita tu. Shusha sahani yako, vua, jaza beseni. Badala ya madume wekundu na wa bluu waliojitenga, hapo walikutwa samaki wa katikati: wekundu kidogo, bluu kidogo, kundi moja lililochanganyika. Hakuna aliyewavua wale waliojitenga wakaisha. Mwanga umefifia, jike haoni tofauti, na kazi ya maelfu ya vizazi inafutika bila samaki hata mmoja kuelea amekufa.

Sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na kulipuka kwa wingi miaka ya 1980, analaumiwa kwa kupotea kwa mamia ya spishi za furu, na lawama hiyo anastahili sehemu kubwa. Lakini tope na mbolea havina meno, hivyo hatuvioni vikila. Ukipanda mti kwenye ukingo wa mto unaoingia ziwani, unalinda spishi kwa maana halisi ya neno hilo.

Hatua ya 7: Weka muda mbele ya ulichokiona

Andika chini ya michoro yako: takriban miaka 15,000 iliyopita ziwa hili lilikauka, kisha likajaa tena. Furu karibu wote unaowaona wamejitenga baada ya hapo. Kwa mageuko, huo ni muda mfupi mno. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha sababu mojawapo ya kasi hiyo: zamani zaidi, koo mbili za samaki, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile, zilizaana, na uzao wao ukabeba akiba kubwa ya tofauti za kurithi, zikiwemo zile za jicho. Kuchanganyika kulitoa malighafi, kutengana kukaitumia.

Hatua ya 8: Warudishe

Mwisho wa kila siku, kabla ya kumwaga ndoo, tafuta jike ambaye kidevu chake kimetuna na mdomo haufungi vizuri. Amebeba watoto. Usimshike wala usimwinue kwa wavu, akishtuka atawatema. Izamishe ndoo nzima pale mawe yalipo, iinamishe, usubiri. Atatoka mwenyewe. Andika tarehe, kina, na idadi ya mafundo ya sahani. Mwaka ujao, mwezi huuhuu, rudi palepale na kamba ileile.