Serikali Inapoajiri Mshauri wa Kuandika Sera ya Mazingira: Funzo Kutoka Visiwa vya Kiribati

Kwenye vikao vya wadi swali hili husikika mara nyingi: serikali ina maafisa wake wa mazingira, kwa nini basi imlipe mtu wa nje kuandika sera? Ni swali la haki, kwa sababu anayelipwa hulipwa kwa fedha za umma. Tena sera hiyo ikishapitishwa ndiyo itakayoamua nani achimbe mchanga, taka zitupwe wapi na ufuo upi usijengwe.

Somo hili linaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, hatua kwa hatua. Mfano wetu ni Kiribati, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki ambako kosa dogo katika sera ya mazingira huonekana upesi kisimani na shambani. Mwishoni kuna maswali ambayo kila mkazi anaweza kuyapeleka barazani.

Nchi yenyewe

Kiribati, jina linalotamkwa "Kiribas", ni nchi ya visiwa 33. Ilipata uhuru kutoka kwa Uingereza tarehe 12 Julai 1979. Ardhi yake yote ni takriban kilomita mraba 811, lakini bahari iliyo chini ya mamlaka yake ni takriban kilomita mraba milioni 3.5. Watu wake ni kama 120,000, na zaidi ya nusu yao wamesongamana Tarawa Kusini, makao makuu ya nchi.

Karibu visiwa vyote ni vya matumbawe, na sehemu kubwa ya ardhi haifiki mita 3 juu ya usawa wa bahari. Hakuna mito. Maji matamu hukaa chini ya ardhi kama tabaka jembamba linaloelea juu ya maji ya chumvi. Wakichota kupita kiasi, mvua ikikosekana, au bahari ikivuka ufuo, visima huingia chumvi. Babai, aina ya magimbi makubwa yanayopandwa katika mashimo yaliyochimbwa hadi kufikia maji hayo, nayo huharibika. Mwezi Juni 2022 serikali ya Kiribati ililazimika kutangaza hali ya janga kwa sababu ya ukame.

Kwa nini sera huhitaji kufanywa upya

Sheria husema lililokatazwa na adhabu yake. Sera hueleza nchi inataka kufika wapi, nani atafanya nini, na kwa fedha zipi. Kiribati ilikuwa na Sheria ya Mazingira ya 1999, iliyorekebishwa mwaka 2007. Mwaka 2013 ikatoa sera moja ya kuunganisha mambo yote ya mazingira. Sera hiyo iligusa maeneo matano: mabadiliko ya tabianchi, uhifadhi wa viumbe na makazi yao, taka na uchafuzi, matumizi ya rasilmali, na usimamizi wa mazingira.

Lakini sera huzeeka. Baada ya 2013 mambo mengi yalibadilika. Mwaka 2015 mataifa yalikubaliana mjini Paris kuhusu tabianchi. Mwaka 2016 Kiribati ilianza mpango wake wa maendeleo wa miaka 20, unaojulikana kama KV20, wenye kutegemea sana uvuvi na utalii. Desemba 2022 mataifa yalikubaliana mjini Montreal kulenga kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo mwaka 2030.

Ndani ya nchi pia msimamo uligeuka. Eneo la hifadhi la Visiwa vya Phoenix, lenye ukubwa wa kilomita mraba 408,250, lilifungwa kabisa kwa uvuvi wa kibiashara tangu tarehe 1 Januari 2015. Mnamo Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba ingelifungua tena. Sababu yake inaeleweka: ada za leseni za meli za kigeni zinazovua jodari ni nguzo ya bajeti ya nchi. Waliopinga nao wana hoja yao, kwamba samaki wakiisha hata ada zitaisha.

Mpango wa maendeleo ukivuta huku na sera ya mazingira ikivuta kule, afisa aliye kati hajui afuate upi. Hapo ndipo sera huhitaji kupitiwa upya.

Kwa nini mtu wa nje

Nchi ndogo huwa na idara ndogo. Maafisa wachache hao hao ndio hukagua vibali vya ujenzi, husimamia taka, hulinda visiwa dhidi ya wadudu na mimea vamizi, na huandika ripoti za mikataba ya kimataifa ambayo nchi imetia saini. Kuandika sera upya kunahitaji mtu wa kukaa miezi kadhaa na kazi hiyo moja.

Nchi za Pasifiki husaidiwa na shirika lao la kanda la mazingira, SPREP, lenye makao makuu Apia, nchini Samoa. Shirika hilo hutangaza zabuni za washauri kwa niaba ya nchi wanachama. Kazi hii ina mguso na Kenya pia. Mradi mmoja mkubwa wa kuzisaidia nchi 14 za Pasifiki kukusanya takwimu za mazingira na kuzitumia katika mipango uliendeshwa na SPREP chini ya usimamizi wa UNEP, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mshauri huja na uzoefu wa kwingine na jicho lisilo na upande. Lakini mwenyeji hawezi kupona kama mgeni hakuambiwa ugonjwa uko wapi.

Hadidu za rejea: waraka wa kwanza kuusoma

Kabla ya kutangaza zabuni, serikali huandika hadidu za rejea. Huu ndio waraka unaomwambia mshauri kazi yake ni ipi, mipaka yake iko wapi, na atakabidhi nini. Hadidu nzuri hujibu mambo haya:

1. Ni sera gani inayopitiwa, na ni kwa nini sasa?
2. Mshauri atakutana na nani, wapi, na mara ngapi?
3. Atakabidhi nyaraka gani, na kwa tarehe zipi?
4. Nani serikalini atampokea na kufanya kazi naye kila siku?
5. Rasimu itatolewa kwa lugha gani?
6. Je, atatakiwa kuandika mpango wa utekelezaji wenye gharama, au sera tu?

Hilo la sita ndilo huachwa sana. Sera isiyo na makadirio ya gharama haiingii kwenye bajeti, na isipoingia kwenye bajeti hubaki kabatini.

Kuchagua: bei ndogo si ushindi

Wengi hudhani anayeomba fedha kidogo ndiye hupewa kazi. Katika kazi za ushauri mara nyingi sivyo. Ubora hupimwa kwanza, kisha bei. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme ubora una alama 80 na bei alama 20. Mshauri wa kwanza anapata 68 kwa ubora na anaomba dola 30,000. Wa pili anapata 56 na anaomba dola 24,000.

Mwenye bei ya chini hupewa alama zote 20 za bei. Mwenzake hupewa sehemu yake hivi: 24,000 gawanya kwa 30,000, zidisha kwa 20, unapata 16. Jumla ya wa kwanza ni 84 na ya pili ni 76. Kazi inakwenda kwa wa kwanza ingawa ni ghali zaidi.

Kwa hiyo mkazi anayetaka kujua kama uchaguzi ulikuwa wa haki asiishie kuuliza bei. Aulize alama za ubora zilitolewa kwa vigezo gani, na kama vigezo hivyo vilitangazwa mapema.

Kazi yenyewe na malipo yake

Kwa kawaida kazi hupita hatua tano. Kwanza mshauri huleta ripoti ya kuanza kazi, inayoeleza atakavyofanya. Pili hupitia sera ya zamani na kuonyesha kilichotekelezwa na kilichokwama. Tatu hukutana na wananchi, mabaraza, wafanyabiashara na idara nyingine. Nne huandika rasimu. Tano rasimu hurudishwa kwa wadau katika kikao cha kuithibitisha, ndipo hupelekwa kwa baraza la mawaziri.

Malipo huambatanishwa na hatua hizo. Fedha nyingi zikitolewa mwanzoni, serikali haina tena cha kumshikia mshauri kazi ikiwa mbovu. Sehemu kubwa ikibaki hadi rasimu ithibitishwe, atarudi kurekebisha.

Kusikiliza watu mahali wanapokaa

Kila kijiji cha Kiribati kina maneaba, jumba kubwa la mikutano. Hata bunge la nchi linaitwa Maneaba ni Maungatabu. Katika maneaba ya jadi kila ukoo una mahali pake pa kukaa, na kwa desturi neno la wazee lina uzito kuliko la wengine.

Mshauri asiyejua hayo ataitisha mkutano, atawasikia wazee, na kuondoka akidhani amewasikia wote. Ndiyo maana vikao vya wanawake na vya vijana hupangwa kando. Tena kuna suala la umbali. Kisiwa cha Kiritimati kiko zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Tarawa, zaidi ya mara sita ya safari ya Mombasa hadi Nairobi. Mshauri akifanya mikutano Tarawa pekee, ataandika sera ya Tarawa na kuiita ya Kiribati.

Faida ya kusikiliza inaonekana katika suala la mchanga. Wakazi wa Tarawa Kusini huchukua mchanga na kokoto ufuoni kwa ujenzi na kwa kuuza. Ufuo ukimomonyoka, bahari huingia majumbani. Katazo peke yake halikutosha, kwa kuwa watu bado walihitaji kujenga na kula. Serikali, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, ikaanzisha kampuni ya kuchota mchanga kutoka ndani ya wangwa ili kupunguza uchimbaji wa ufuoni. Funzo ni hili: sera inayokataza jambo ieleze pia watu watatumia nini badala yake.

Mfano mwingine ni mpango uitwao Kaoki Mange, maana yake "rudisha taka". Chini ya sheria ya mwaka 2004, mnunuzi wa soda ya kopo huweka amana ya senti 5 na kurudishiwa senti 4 anaporudisha kopo tupu. Senti moja huendesha kazi. Mtoto anayeokota makopo analijua sharti hilo hata kama hajawahi kuisoma sera.

Hatari tatu za kuangalia

Ya kwanza ni sera ya kunakili. Mshauri aliyeandikia nchi nyingine anaweza kubadilisha majina tu. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ya pili ni lugha: rasimu ikiwa kwa Kiingereza tupu, wavuvi na wakulima wa babai hawataweza kuisahihisha. Ya tatu ni mshauri kuondoka na ujuzi wake. Maafisa wa idara wasipoketi naye tangu mwanzo, baada ya miaka mitano ataitwa mwingine kuanza upya.

Nasi hapa je?

Kifungu cha 42 cha Katiba yetu kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Sheria ya usimamizi wa mazingira inaitaka kila kaunti kuwa na Kamati ya Mazingira, na kutayarisha mpango kazi wa mazingira angalau mara moja kila miaka mitano. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka wananchi washirikishwe. Ununuzi wa huduma za ushauri unaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015.

Mkazi akitaka kuona hadidu za rejea au ripoti ya mshauri, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa. Ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21.

Maswali ya kupeleka barazani

1. Sera au mpango wa awali ulitekelezwa kwa kiasi gani, na nini kilikwama?
2. Mshauri atafika wadi zipi, na vikao vya wanawake, vijana na wavuvi vitakuwa lini?
3. Maafisa gani wa kaunti watafanya kazi pamoja naye?
4. Rasimu itapatikana wapi kwa Kiswahili, na tuna siku ngapi za kutoa maoni?
5. Maoni yetu yaliyokataliwa yataelezwa sababu wapi?
6. Kila katazo lililomo lina njia gani mbadala kwa anayelitegemea kwa riziki?
7. Gharama ya utekelezaji imo katika bajeti ya mwaka upi?

Kata ukurasa huu, uende nao kwenye kikao kijacho cha ushirikishaji wa umma katika wadi yako. Swali linaloulizwa rasimu ikiwa bado mezani hugharimu muda kidogo tu. Likiulizwa baada ya sera kupitishwa, hulazimika kungoja miaka mitano.